Gobore, Kiasi na Risasi: Maneno ya Baruti Kutoka Ruponda

Ndugu wasomaji watakubali kwamba mwundaji wa istilahi aghalabu hufanya kazi yake akiwa ameketi. Mbele yake pana orodha ya maneno ya kigeni, kuliani kamusi, kushotoni kikombe cha chai; na kitu chenyewe kinachotajwa kiko mbali, pengine hajapata kukigusa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku nilipokabidhiwa orodha fupi ya istilahi za silaha za kale, zilizotakiwa kwa ajili ya maelezo ya vitu vya makumbusho. Neno la tatu katika orodha hiyo lilikuwa jina la Kiingereza la bunduki inayotiwa baruti na risasi kwa kupitia mdomoni mwa mtutu. Niliandika bila ya kusita, "bunduki ya kupakiwa mdomoni", nikaendelea na neno la nne.

Likizo ya mwaka huo niliipitisha kwetu Ruponda, wilayani Nachingwea. Jioni moja nilimsomea mjomba wangu orodha ile, kwa majivuno ya kijana aliyesomeshwa. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Hiyo ya kupakiwa mdomoni, mpwa wangu, ndiyo ipi?" Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Gobore." Hakuongeza neno.

Nakiri kwamba neno hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Hakuna mtoto wa kusini asiyelijua. Sikuliandika kwa sababu nililiona ni neno la porini na la matangazo ya polisi, nikadhani makumbusho yanastahili neno refu zaidi. Kosa hili si geni katika kazi yetu, na kama lingekoma kwenye neno moja nisingeliandikia makala. Lakini mjomba aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ufito mwembamba wa chuma, mrefu kama fimbo ya kutembelea. Gobore la babu lilikwisha kusalimishwa serikalini miaka mingi iliyopita; ufito ulisahauliwa darini. Nikamwuliza jina lake. "Mdeki," akasema. Neno hilo sikuwa nimepata kulisikia. Niliporudi kazini nilifungua kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na kulikuta limelala humo, likingoja mtu wa kuliuliza.

Tangu siku hiyo nimenogewa. Ughaibuni wako watu walionogewa na magobore yenyewe: wanayanunua, wanayasugua, wanakutana kuyapiga kwa shabaha. Huko Marekani chama chao kikubwa kilianzishwa mwaka 1933, na makao yake yako katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Mimi sina gobore wala sikusudii kuwa nalo. Ninakusanya maneno yake, kwa kadi, kama mtoto akusanyavyo stempu. Lakini nadhani ugonjwa ni ule ule. Mtu akishapata mdeki, hutaka kujua ulisukuma nini. Akishajua ulisukuma nini, hutaka kujua moto uliingilia wapi.

Basi nikaenda kuona. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani ana gobore lenye kibali, analolitumia kutishia nguruwe na nyani wanaoharibu mihogo. Alikubali kunionyesha kwa sharti kwamba nisizungumze wakati wa kushindilia. Alimimina baruti kutoka katika pembe ya ng'ombe hadi katika kikombe kidogo cha bati, akaitia mdomoni mwa mtutu. Akafuatisha kizibo cha matambara, akakishindilia kwa mdeki mara tatu, taratibu. Akatia vipande vya risasi, na kizibo kingine, akashindilia tena. Kisha akainua mtambo nusu, akavika fataki juu ya kijichuchu kidogo kilicho nyuma ya mtutu. Nilipomwuliza jina la kijichuchu hicho alinitazama kwa hasira, kwa kuwa nilikuwa nimevunja sharti, hata hivyo alijibu: "Kifa."

Alinipa nilipige mimi. Tulikuwa tumeweka kopo juu ya kisiki, hatua thelathini hivi. Mtambo ulianguka, fataki ikalia, pakawa na kitambo kifupi mno kati ya mlio mdogo na mlio mkubwa, kitambo ambacho mtu aliyezoea bunduki za siku hizi hakijui. Kisha bega langu likasukumwa nyuma na mbele yangu pakawa na wingu jeupe lenye harufu ya yai viza. Kopo lilikuwa limesimama vile vile. "Umefumba macho," mzee akasema. Ni kweli. Lakini katika kitambo kile kati ya milio miwili ndipo nilipofahamu kwa nini lugha yetu ilizipanga bunduki za kale namna ilivyozipanga.

Tuangalie maneno yenyewe. Bunduki ya kwanza kutajwa katika kamusi kongwe ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi uliofukizwa moto, ambao mpigaji aliugusisha kwenye baruti. Baadaye ikaja bunduki ya gumegume, na gumegume ni lile jiwe gumu ambalo, likigongwa na chuma, hutoa cheche. Kisha ikaja bunduki ya fataki, ambayo moto wake hutoka katika kikofia kidogo cha madini chenye dawa inayolipuka kwa kugongwa. Zote tatu hutiwa baruti mdomoni na zote hushindiliwa kwa mdeki. Kwa hiyo mtu wa pwani au wa bara aliyeziona hakuwa na sababu ya kutaja mdomo. Alitaja kile kilichozitofautisha, yaani mahali moto ulikotoka. Jina nililolibuni mezani lilikuwa limechagua sifa ambayo, kwa wenye bunduki hizo, haikuwa sifa hata kidogo, kama vile kumwita ng'ombe "mnyama wa miguu minne" mbele ya wafugaji.

Waingereza nao hawakuwa na jina hilo la mdomo hapo mwanzo. Jina lilizaliwa pale tu zilipoenea bunduki zinazopakiwa nyuma, kwa kuwa ndipo ilipokuwa lazima kuitofautisha ya zamani na ya kisasa. Kiswahili kilifanya hivyo pia kwa njia yake: bunduki mpya iliitwa bunduki ya viasi. Kiasi, katika maana hii, ni kile kifurushi kilichokwisha kupimwa, chenye baruti, risasi na fataki pamoja, katika ganda moja. Jina zuri sana. Kazi ya kupima, ambayo mzee yule aliifanya mbele yangu kwa kikombe cha bati, ilikwisha kufanywa kiwandani. Kipimo chenyewe kikawa jina la kitu. Neno hili nitalirudia, maana ndilo lililonikosesha usingizi.

Asili ya maneno mengine nitaipitia kwa haraka. Bunduki limetoka katika Kiarabu. Wako wanaolihusisha na jina la Kiarabu la mji wa Venice, lakini njia iliyo imara zaidi ni ile ya neno bunduq, maana yake njugu fulani ya mviringo. Vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde viliitwa hivyo kwa umbo lao, na jina likahamia kwenye silaha ya moto ilipofika. Risasi nalo ni jina la Kiarabu la madini, yale mazito ya rangi ya kijivu, na hadi leo fundi bomba anapotaja risasi hana habari na vita. Mzinga ni letu wenyewe: gogo lililochimbwa ndani, la kutegea nyuki, ambalo mababu walilifananisha na silaha kubwa za ngome za pwani. Huku kwetu, ambako mizinga ya nyuki ingali ikining'inia mitini, mtoto huijua maana ya kwanza kabla ya ile ya pili, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Bunduki hizi zilifikaje Ruponda? Ruponda iko katika nchi ya Wamwera, ambayo misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliipitia kati ya Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa na Lindi. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalianza kuacha bunduki za kushindilia. Prussia iliishinda Austria mwaka 1866 ikiwa na bunduki za kupakiwa nyuma, na mwaka huo huo Uingereza ikaanza kuzigeuza zake. Mamia ya maelfu ya silaha zilizoachwa zilitafuta mnunuzi, na soko moja kubwa lilikuwa Unguja. Balozi wa Uingereza huko alikisia mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Takataka za vita vya Ulaya ndizo zilizogeuka kuwa utajiri wa machifu wetu. Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alieleza mwenyewe kwamba lakabu yake ilitokana na mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliozisikia. Ni sauti ya magobore iliyoganda ikawa jina la mtu. Wasomaji watakumbuka pia bombomu, jina la bunduki ya mfululizo lililotokana na mlio wake. Masikio ya watu wetu yalikuwa mepesi kuliko kalamu zetu.

Kisha sheria ikaingia. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa kuuzwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Tazama jinsi wanasheria wale walivyopanga silaha: kwa chanzo cha moto, kama walivyofanya Waswahili. Na matokeo yake ni ya ajabu. Bunduki ya gumegume, iliyokwisha kufa Ulaya, iliendelea kuishi Afrika kwa nguvu ya sheria ya Ulaya. Katika mji wa Brandon, huko Suffolk nchini Uingereza, mafundi waliendelea kuchonga mawe ya gumegume kwa ajili ya soko la Afrika hata ndani ya karne ya 20. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba babu zetu walishika magobore kwa sababu ya kupenda mambo ya kale asome mkataba huo.

Umuhimu wa tofauti hiyo ulionekana mwaka 1905. Vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Umatumbi mwezi Julai, na mwishoni mwa Agosti Wamwera waliiteketeza misheni ya Nyangao. Upande mmoja ulikuwa na mikuki, mishale na magobore ambayo kila pigo lilihitaji kushindiliwa upya. Upande wa pili ulikuwa na bunduki za viasi na bombomu. Dawa ya Kinjikitile wa Ngarambe iliahidi kwamba risasi zitageuka maji. Mwanahistoria ataeleza imani hiyo kwa njia yake. Mimi, mtu wa maneno, naona jambo dogo tu: wapiganaji waliujua udhaifu wa silaha ya baruti, kwamba ikilowa hainguruma. Kwao, kuyaelekeza maji dhidi ya bunduki halikuwa wazo la kutoka hewani. Vita vilipokwisha, waliosalimu amri walitakiwa kutoa bunduki zao, na magobore mengi ya kusini yakaishia hapo.

Moshi wa baruti ya zamani ulionekana tena katika nchi yetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki walikuwa bado wana bunduki ya mfano wa mwaka 1871. Ilikuwa ya viasi, lakini viasi vyake vilijazwa baruti ya moshi, na kila askari aliyepiga aliuonyesha mahali alipojificha. Wengi walibadilisha kwa kunyang'anya bunduki bora za adui. Katika Oktoba 1917 Waingereza waliiteka Ruponda yenyewe, iliyokuwa ghala kubwa la chakula la Wajerumani, na katika siku chache zilizofuata yakapiganwa mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Nyangao. Novemba mwaka huo von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma. Nusu karne baadaye Nachingwea ikawa kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO, na vijana wa vijiji vya jirani wakajifunza majina ya silaha mpya kabisa, huku wazee wao wakiendelea kuwinda nguruwe kwa mdeki na pembe. Sijui mahali pengine ambapo enzi mbili za silaha zimeishi karibu hivyo.

Sasa nirudi kwenye kiasi. Wakati fulani jirani ya mjomba alikwenda kuandikisha gobore lake. Karani aliyekuwa na fomu alimwuliza maswali kwa utaratibu: jina, kijiji, aina ya silaha. Halafu: "Una risasi ngapi?" Mzee akajibu, "Kwa leo sina hata moja." Mezani palikuwa na kopo la baruti, pakiti ya fataki na kimfuko cha vipande vya nondo alivyovikata mwenyewe. Karani akaona anafanyiwa mzaha. Akauliza tena kwa ukali, na mzee, ambaye hajazoea kuitwa mwongo, akajibu vile vile. Alikuwa akisema kweli tupu. Kwake risasi ni kipande cha madini ya risasi. Yeye alikuwa na chuma. Mwishowe karani aliandika katika nafasi ya idadi: "Kopo moja."

Watu walicheka kisa hiki, nami nilicheka. Lakini fomu haicheki. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 ina adhabu nzito kwa anayemiliki bila ya kibali, na kila mtafsiri anayeigusa hukutana na neno la Kiingereza linalokusanya vyote vinavyolishwa silaha: baruti, fataki, ganda, na kile kinachoruka. Sisi tumezoea kulitafsiri kwa neno moja, risasi. Kwa mwenye bunduki ya kisasa hakuna tatizo, kwa sababu kwake vitu vyote vinne vimefungwa pamoja. Kwa mwenye gobore vitu hivyo vimetengana, kila kimoja katika chombo chake, na neno letu humwachia shimo la kutumbukia. Tulikuwa na kiasi kwa kifurushi kizima na risasi kwa kile kinachoruka. Tumeliacha la kwanza lipotee, tukalitwisha la pili mizigo miwili.

Baruti nayo ina mashaka yake. Waingereza walianza kuitaja rangi nyeusi baada ya mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipogundua baruti isiyo na moshi. Kabla ya hapo baruti ilikuwa moja tu, ya shura, kiberiti na makaa. Kiswahili hakikuongeza rangi, na kimelipanua neno hadi kwenye vilipuzi vya machimboni. Mchimbaji wa Namungo, wilayani Ruangwa, akisema baruti, na mwindaji wa Ruponda akisema baruti, wanataja vitu ambavyo mtu mwenye busara hawezi kuvihifadhi katika chumba kimoja. Kwa maandishi ya sheria napendelea baruti ya moshi kuliko baruti nyeusi. Rangi huonekana kabla ya kupiga, na aliye mgeni nayo haimwambii kitu. Moshi ndio unaoitofautisha na nyenzake.

Kuhusu fataki sina la kupendekeza, limekwisha kunitoroka. Kutoka kifani limehamia kwenye sherehe za mwaka mpya, na tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ya kampeni iliyotangazwa sana redioni, fataki ni mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Mwalimu mmoja aliniambia wanafunzi wake walipasuka kwa kicheko aliposoma kwamba askari wa zamani alibeba fataki kumi mfukoni.

Katika orodha ile ya makumbusho nimefuta "bunduki ya kupakiwa mdomoni" na kuandika gobore, na chini yake gobore la mrao, gobore la gumegume na gobore la fataki. Nimependekeza kiasi kirudishwe katika fomu, na mahali ambapo sheria inakusudia vitu vyote, vitajwe vyote kwa majina yao hata kama mstari utakuwa mrefu. Mapendekezo yangali yanajadiliwa. Mwenzangu mmoja anapinga kwamba kiasi ni neno la sokoni, na kila mtu atauliza kiasi gani. Hoja yake si dhaifu.

Niliporudi Ruponda mara ya mwisho nilitaka kumwomba mjomba ule mdeki, niuweke ofisini juu ya kabati la kadi. Sikuukuta darini. Alikuwa ameupeleka shambani, ameukunja ncha kwa moto, anautumia kuchokolea masega kwenye mizinga. Nilimwuliza kama bado unaitwa mdeki. "Unaitwaje tena?" akasema.